Mjomba na Bolti za Mkanda

Mjomba, fundi bodi, hakuamini bati lolote kabla ya kuligonga kwa kidole na kulisikiliza.

Mpwa wake alitaka gari lake kuukuu la michezo lifungwe mikanda ya usalama, aanze nalo kazi Jumatatu. Mjomba aligonga sakafu ya gari, ambapo bolti za mikanda zingefungwa, akaguna, akaikata.

“Kutu tupu, mama. Bolti itang'oka kama jino bovu.”

Jumatatu mpwa alipanda basi, amenuna. Mjomba alichomelea sakafu mpya na bamba nene chini yake, akagonga, hakuridhika, akafumua tena.

“Mjomba, unanichosha!”

Wiki ya tatu alimpa ufunguo. Mpwa alijifunga mkanda kwa hasira, akauvuta mara moja. Mjomba alifariki siku nne baadaye. Lakini siku ile ya ufunguo aliinama tu kwenye dirisha la gari.

“Vuta tena, mama. Kwa nguvu.”