Nukta Katikati ya Ziwa

Mwanangu aliponinunulia simu kubwa, aliniwekea kila kitu mwenyewe, kisha akanikabidhi pale sebuleni kwangu, Kiseke. Nilimshukuru sana. Kumbe aliniwekea na la kwake: popote nilipokwenda, yeye akiwa Dodoma aliweza kuniona kwenye ramani.

Mimi sikujua, na nilikuwa na siri. Kila Jumatano nilipanda kivuko kwenda ng'ambo, upande wa Sengerema, kuwafundisha kinamama kusoma. Wanangu walishakata shauri kwamba mwalimu mstaafu mwenye presha atulie nyumbani, amwagilie maua. Mimi na maua wapi na wapi. Wangejua wangenizuia, tena kwa ule upole wao unaochosha kuliko ugomvi.

Jumatano moja nilishuka kivukoni nikakuta mwanangu amenipigia mara kumi na saba. Kelele za injini hazikuniruhusu kusikia. Nilipompigia, hata shikamoo alisahau.

"Mama, uko majini?"

Alikuwa amefungua ramani na kuona nukta yangu katikati ya ziwa. Alishawapigia majirani, nao walishagonga mlango wangu, mmoja ameanza kulia. Nikamuuliza amejuaje nilipo. Akakiri kwamba ananiona kwenye ramani tangu siku aliyonipa simu, ingawa haangalii kila siku. Ni kwa usalama wangu, alisema, na hayo ya kuvuka niyaache, nirudi.

Nilikasirika sana. Mtoto niliyemfundisha kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwangu. Nikamwambia nitarudi nikimaliza kipindi.

Darasani nilitoa simu ili niizime hiyo nukta. Miwani ya kusomea nilikuwa nimeisahau nyumbani. Ubaoni naandika kwa herufi kubwa, lakini maandishi ya simu niliyaona kama siafu tu. Nikampa anisomee mwanafunzi aliyekaa mbele, muuza dagaa mwenye wajukuu sita, ambaye alipoanza kwangu aliweka dole gumba popote palipotakiwa sahihi. Simu ilikuwa kwa Kiswahili. Alipitisha kidole chini ya kila neno, jasho likimtoka, na wenzake walipotaka kumsaidia aliwasukuma kwa kiwiko.

"Ku-shi-ri-ki ma-ha-li," alisoma. Akateremka chini kidogo. "A-cha ku-shi-ri-ki." Akaniinulia macho. "Mwalimu, niache?"

"Acha."

Akabonyeza, kisha akaniuliza kama kuna kingine cha kusoma.

Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kujivuna kama siku ile. Najivuna mpaka leo. Jioni mwanangu alipiga tena, safari hii kwa shikamoo, akitaka kujua ni fundi gani aliyenizimia ile nukta.

"Siyo fundi," nikamwambia. "Ni mwanafunzi wangu. Kasoma mwenyewe."