Saa Tatu za Mama Mkwe

Saa mbili kamili za usiku dekoda ilianza kurekodi. Mimi nilikuwa Bigo, mtaa mwingine wa Bunia, kwenye kikao cha mahari ya mpwa wa mke wangu, upande wa wanaume, ambako mazungumzo yalikuwa yamekwama kwa ng'ombe mmoja aliyesemekana kuwa mzee. Nilimtazama mke wangu kwenye mkeka wa wanawake, nikagusa saa yangu ya mkononi. Akamnong'oneza mama yake. Mama mkwe akanyanyua kichwa, akakunja uso. Nilidhani anamfikiria yule ng'ombe.

Mama mkwe alikuwa ameishi kwetu, mtaa wa Saio, tangu alipokimbia vita kijijini kwake Fataki. Barabara ya kwenda huko ilikuwa ikifunguka wiki moja na kufungwa wiki inayofuata, naye alikuwa ameacha kuulizia shamba. Kila jioni alitazama tamthilia sebuleni. Kwa heshima mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia, nikaijua tamthilia yote kwa masikio tu. Hakuwahi kuniomba kitu, hata chumvi. Sasa sehemu ya mwisho iliangukia siku ya mahari, na aliomba hiyo tu. Nilinunua dekoda yenye uwezo wa kurekodi, nikasoma kitabu chake cha maelekezo mpaka ukurasa wa nyuma.

Ilibaki saa. Kituo hutangaza saa za Kinshasa, nao wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu wa Bunia huongeza hiyo saa bila kufikiri, kama anavyofuta vumbi kwenye kiti kabla ya kukaa. Kumuuliza mama mkwe moja kwa moja hakufai, kwa hiyo swali lilipita kwa mke wangu.

“Mama anasema saa moja,” alirudi kuniambia.

Nikaongeza yangu, nikaandika saa mbili.

Jumapili baada ya ibada, wanawake sita wa kwaya walikuja na viti vyao. Niliwasha, nikakimbilia nyuma ya pazia. Badala ya sauti ya yule msichana wa tamthilia aliyengoja kuolewa nilisikia bwana mmoja akieleza kwa Kifaransa jinsi ya kufuga sungura.



“Huyu ndiye atamuoa?” mmoja akauliza.

“Ngojeni,” alisema mama mkwe. “Labda iko mbele kidogo.”

Walingoja mpaka sungura wa mwisho. Kisha mama mkwe akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, “Mwambie baba watoto, picha ilikuwa safi sana.”

Jikoni mimi na mke wangu tulifanya uchunguzi.

“Mama alikuambia saa ngapi?”

“Kumi na mbili. Nikaongeza moja, ya Kinshasa.”

“Mimi pia niliongeza moja, ya Kinshasa!”

“Na yeye?” akauliza mke wangu, akashika kichwa. “Mama iko Bunia! Atasema namna gani saa ya Kinshasa? Alishaongeza zamani!”

“Kwa nini hukumuuliza?”

“Weye je, kwa nini hukumuuliza?”

Watu watatu wenye adabu tuliongeza saa tatu palipohitajika moja.

Mwisho wa tamthilia uliletwa na jirani aliyeuona kwake. Aliigiza sauti zote, hata mlio wa gari la bwana harusi. Nyuma ya pazia nilishusha kitabu changu. Msichana, kumbe, aliolewa na yule mwanasheria, yule niliyemjua kwa kukohoa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

“Yule? Afazali bwana wa sungura.”

Nilidhani ni utani. Lakini jioni ile ujumbe ulipita tena kwa mke wangu: baba watoto asifute sungura. Aliomba waonyeshwe tena, na tena, mke wangu akimtafsiria, yeye akisimamisha picha ili atazame vizuri mlango wa kibanda. Mwezi uliofuata nilipigilia kibanda nyuma ya jiko kwa mbao zilizobaki za kitanda, kwa vipimo alivyotuma yeye. Sebule ikawa kimya jioni. Alikuwa nje, anawakatia sungura wake majani.

Dekoda niliinunua kwa dola mia moja na kumi. Kufikia Krismasi mama mkwe alikuwa ameuza sungura wa dola sitini na nne, akazituma zote kwangu kupitia binti yake, zimefungwa katika kitambaa. Hasara iliyobaki: dola arobaini na sita.