Saa Moja ya Ocen

Aibu hii naisimulia kwa hasira, msinidai adabu, maana siku ya kwenda kujitambulisha ukweni Bombo nilisimama Old Kampala asubuhi, kanzu imepigwa pasi, basi limekodiwa, na ndugu aliyetokea ni mjomba Ramadhani peke yake, tena kwa kuwa alilala kwetu.

Mjomba alikuwa ameniambia, "Wapigie watu wako simu." Nipige simu, mimi? Nina programu ya kutuma ujumbe kwa watu wengi, naitunza mwenyewe (majivuno haya ndiyo yaliyoniponza), na saa ndani yake zinaandikwa na kifurushi, yaani kipande cha programu alichokiunda rafiki yangu Ocen wa Kyambogo. Siku hiyo ya kutuma nikaona Ocen ametoa toleo jipya, kutoka 2.3.1 kwenda 2.3.2. Katika kazi yetu namba ya mwisho ni ahadi: nimerekebisha kasoro ndogo tu, chukua ulale. Ukigeuza kitu kifanye kazi vingine, unapandisha namba ya mbele, mwenzako ashtuke, asome kwanza. Basi nikachukua, nikawatumia ndugu wote saa ya basi kuondoka, saa moja asubuhi, nikalala.

Nilipoona basi bado tupu nikampigia shangazi. "Mbona wanikimbiza? Si umeandika 1:00? Mimi bado nasukwa." (Mdomoni sote tunasema saa moja, lakini kwenye simu tunaandika 7:00, Kampala nzima ndivyo, kasoro Ocen; kwa shangazi 1:00 ni saa saba mchana.)

Nikampigia Ocen. "Niliona tuache saa za wageni," akasema, ametulia kabisa. "Si ndiyo saa yetu, ssebo?" Saa yetu! Ibadilishe upendavyo, lakini iite 3.0, watu tujue unatuchimbia shimo.

Mpaka nikusanye watu, tulifika Bombo adhuhuri imepita, na tulitakiwa saa nne. Shangazi wa Zaituni, mchumba wangu, akaziba mlango. "Huyu ndiye atakayemwamsha binti yetu alfajiri?" Watu wakacheka, hata mjomba, nami badala ya kuomba radhi nikaanza kueleza namba ya mbele na namba ya mwisho. Tukaambiwa turudi siku nyingine.

Tuliporudi nilikuwa nimempigia kila mtu simu, na programu nimeifunga kwenye 2.3.1, haichukui kipya cha mtu yeyote kabla sijakisoma chote. Walitupokea. Nikamweleza Zaituni ubaya wote wa Ocen, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kabla ya kuwatumia watu wote nilijitumia ujumbe mmoja nikausoma.

Ni mke wangu sasa, na kila akilirudia swali hilo naanza upya na ubaya wa Ocen.