Kiti Nilichokifunika Kitambaa

Nakumbuka vizuri ile Jumatatu asubuhi Mapendo aliponiletea kiti. Alikuja nacho kwenye mkokoteni, kimefungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Alipokifunua, mimi na wateja wangu wawili tulinyamaza. Kunyamaza kwangu, mwanangu, ni habari, maana wakati ule nilikuwa sijafika miaka thelathini na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko saluni niliyokuwa naiendesha.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja hapa mjini Durban, vioo vitatu na viti vya plastiki. Kazi ya kusuka unaijua. Mteja anakaa chini, wewe unasimama umeinama, kichwa kimoja kinakula saa sita au saba, na jioni ukijaribu kunyoosha mgongo unatamani kulia. Wasusi walionitangulia hapa, wanawake wa Uvira na Bukavu, kwetu Kongo, walikuwa wamepinda wangali vijana. Sote tuliona ndivyo kazi ilivyo. Mapendo peke yake ndiye aliyeona kwamba kosa halikuwa la migongo yetu, lilikuwa la viti.

Naye alikuwa msusi kama mimi, ila alisoma fizikia kwao kabla vita havijamfukuza, na baba yake alikuwa seremala. Alipanga chumba mtaa wa Cato Manor, pembeni ya mji. Mbao alizipata bandarini, zile zinazowekwa chini ya mizigo na kutupwa zikivunjika. Chini ya kiti alifunga jeki ya gari, ukikanyaga kinapanda, na katikati akaweka pini ya chuma ili kizunguke na kulala nyuma kidogo, kichwa cha mteja kikufuate wewe badala ya wewe kukifuata. Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, akachonga egemeo la kiti kwa tindo: mistari ya nywele zilizosukwa, ikianzia katikati na kufunguka hadi pembeni. Nilikuwa sijawahi kuona hesabu na urembo vimekaa pamoja namna ile. Hadi leo nikikumbuka nasisimka.

Aliniambia maneno machache tu. "Yaya, hii kiti iko ya kazi, haiko ya kuangalia. Suka batu juu yake kila siku. Pale itakusumbua, uniambie, usinionee haya." Yaya ni dada mkubwa. Aliniita hivyo ingawa nilimzidi mwaka mmoja.

Kulikuwa na jambo kubwa nyuma ya maneno hayo. Shirika moja lililokuwa likisaidia wabunifu weusi, wawe wa sayansi, wa sanaa au wa kazi za jamii, lilikuwa limemchagua kati ya wengi. Baada ya miezi miwili watu wake watatu wangekuja kwangu kukiona kiti kikiwa kazini. Kikiwaridhisha, Mapendo angepewa mwaka mzima katika karakana yenye mashine za kila aina na mhandisi wa kumwongoza. Kisipowaridhisha, angebaki na tindo lake na msumeno wa kuazima. Mwenyewe alikuwa amekijaribu kwa magunia ya unga, akaona kinabeba. Alichokosa ni vichwa vya watu, na vichwa nilikuwa navyo mimi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikiweka dirishani. Nikatoa nyumbani kitambaa changu cheupe cha kufuma, nilichokuwa nafunikia televisheni, nikakifunika. Juu yake nikaweka maua ya plastiki. Unacheka, lakini nenda kaangalie mama zako wanavyofanya na kitu kizuri. Sahani za maua zinakaa kabatini zikisubiri mgeni, kochi linabaki na nailoni yake mpaka watoto wanaolewa. Kwetu kitu ukikiheshimu hukitumii, na mimi kile kiti nilikiheshimu kupita kiasi.

Kila aliyeingia nilimpeleka dirishani. Nilimsifu Mapendo mpaka koo likauka. Watu walikuja hadi kutoka saluni za mtaa wa pili, wakapiga picha, wakasema huyu ni wetu, huyu atatutoa. Kisha mteja akikaa, alikaa kwenye kiti cha plastiki, nami nikainama kama kawaida.

Kila Jumamosi Mapendo alipita kuuliza habari. Nikimwona kwa dirisha anavuka barabara, naondoa maua, naficha kitambaa, naweka kitana juu ya kiti kana kwamba nimetoka kusuka. Akiuliza inaendaje, najibu inaenda bien, vizuri kabisa, hakuna shida hata moja. Aliniamini, na mtu akishakuamini haangalii mara mbili.

Sijitetei, ila nikuambie kilichokuwa moyoni. Siku zile tukitoka nje tuliitwa majina mabaya kwa kuwa wageni. Tulidharauliwa kwenye foleni za makaratasi ya ukimbizi, tulidharauliwa sokoni, hata lugha yetu ilichekwa. Nilijisemea, huyu binti amesikia vya kutosha kwamba hafai, akija kwangu asikie mazuri tu. Nilidhani huo ndio udada.

Siku ikafika. Wageni walikuwa watatu, wote weusi, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wapole na wadadisi. Mmoja wa wanawake alikuwa mhandisi. Aliniuliza nimekitumia kwa muda gani. Nikamwangalia usoni nikasema miezi miwili, kila siku. Alipitisha kidole kwenye mchongo wa egemeo, akasema kwa upole kwamba kinaonekana kipya sana. Mapendo alitabasamu akidhani ni sifa.

Nikamwita mteja, mama mmoja mnene wa kwetu aliyejitolea kusukwa mbele yao. Akakaa, nikakanyaga jeki, akapanda vizuri, wageni wakaguna kwa furaha. Nikaanza mstari wa kwanza. Ulikwenda. Mstari wa pili nikavuta, unajua tunavyovuta, kichwa kikaja upande wangu na mwili mzima ukafuata. Pini ikachomoka. Kiti kikazunguka chenyewe, kikainama, na yule mama akatua sakafuni kwa makalio, nywele zake nusu bado mkononi mwangu. Hakuumia, ila alisema mengi, na hayo siyasemi hapa.

Gunia la unga halivutwi nywele. Ningesuka kichwa kimoja tu juu ya kile kiti, siku ile ile ya Jumatatu, tungejua kabla ya chakula cha mchana.

Wageni waliwahi kumwinua mama, wakampa pole, wakaandika, wakaaga. Mapendo alibaki amepiga magoti pembeni ya kiti na ile pini kiganjani. Kisha akainua macho akaniangalia. Hakupiga kelele. "Eish, Yaya. Ulikuwa unaniambia iko bien." Ni hayo tu. Akachukua mkoba wake akaondoka, na mimi nilikaa nikitazama mlango kwa aibu niliyokuwa sijawahi kuionja.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeyaona yote, Mzee Abdala. Alikuwa mtu wa Tanga, baharia wa zamani aliyekuja akaoa huku na kuishi Bluff, ng'ambo ya bandari, na miaka yake mingi ilipita bandarini. Alikuja mjini kunywa chai duka la jirani, na siku ile alisimama mlangoni kwangu kikombe mkononi. Aliingia, akainama taratibu, akachungulia chini ya kiti, kwenye maungio, akapitisha kucha katikati ya mbao. Akaniambia, binti, katika chumba hiki kila kitu kina nywele. Fagio lina nywele, redio ina nywele, hata chai yangu ina nywele. Hiki kiti hakina hata unywele mmoja. Hakijakaliwa.

Nikaanza kulia. Nikamwambia nilifanya hivyo kwa kumpenda.

"Sikatai kwamba umempenda," alisema. "Mimi bandarini kazi yangu ilikuwa kukagua minyororo ya kunyanyulia mizigo. Mnyororo mpya tulikuwa tunautundikia mzigo mzito kuliko ule utakaobeba, pale chini, watu wakiwa wamesogea mbali. Ukikatika tunamshukuru Mungu, umekatikia mikononi mwetu. Wewe mnyororo wa mwenzako umeupamba, ukauacha ukakatike mbele za watu."

Akamalizia chai yake akaenda zake. Nimesemwa na wengi maishani, mwanangu, na wengi wao nimewasahau. Yule mzee sijamsahau.

Wiki iliyofuata jibu lilikuja: nafasi imekwenda kwa mwingine, ila Mapendo ameruhusiwa kujaribu tena mwaka ujao kiti kikishafanya kazi ya kweli. Kiti alikuwa ameshakuja kukichukua kwa mkokoteni, nami nikapanda taxi nikaenda Cato Manor. Nilimkuta uani ameshaifungua jeki, anataka kuirudisha kwa makanika aliyempa, na mbao amezipanga ukutani. Nikamweleza yote, kitambaa, maua, kitana, kila kitu. Nikamwomba akiunge kiti tena akirudishe saluni. Alikataa. Alisema nitamdanganya tena, kwa sababu namhurumia, na huruma yangu imemgharimu kuliko dharau ya wale wanaotutukana barabarani. Maneno yale yaliniingia. Nikamwambia basi asiniamini mimi, aje kila siku saluni ikikaribia kufungwa, awaulize wateja mwenyewe.

Alifikiri siku tatu. Ya nne akaja na mkokoteni.

Tangu hapo kila kichwa kilichoingia kwangu kilisukwa juu ya kile kiti. Pini mpya, nene zaidi, na kizuizi chake. Wateja wetu hawana aibu, unawajua. Mmoja alisema miguu yake inaning'inia kama ya mtoto. Mwingine alisema mkono wa kiti unambana. Mimi mwenyewe nilisema mpini wa jeki unanigonga muundi kila nikizunguka, na nikamwonyesha alama. Mapendo alipiga magoti na kipande cha chaki, akaweka alama pale pabaya, na kesho yake alikuwa amerekebisha.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni mchongo. Zile nywele za mti, zile nilizozisifu mpaka koo kukauka, zilikuwa zinanasa nywele za wateja na kuwachoma mgongoni. Siku mbili nzima sikuweza kumwambia. Ya tatu nikasema. Alinuna, akasema sijui sanaa, akakaa siku kadhaa bila kufika. Aliporudi alikuwa amelainisha upande wa ndani wa egemeo, na mchongo ameuhamishia upande wa nje, ule anaouona msusi akiwa amesimama akisuka. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Akaniambia wateja wametazamwa vya kutosha, sasa na msusi apate kitu kizuri cha kutazama siku nzima. Sina elimu ya kuueleza ubongo wa mtu kama huyo, namshukuru Mungu tu kwamba nimeishi karibu naye.

Mwaka uliofuata wageni walirudi, na yule mhandisi alikuwemo. Safari hii sikumwambia kitu kizuri hata kimoja. Nilimhesabia makosa yote ambayo kiti kilikuwa nayo, lini tuliyaona na Mapendo aliyatibu vipi. Aliingiza kidole kwenye maungio ya mbao, akatoa kifundo cha nywele, akacheka. Kisha akavua kilemba chake, akakaa, akaomba nimsuke. Nilimvuta bila huruma. Kiti hakikutikisika.

Mapendo alipata karakana yake. Leo ana yake mwenyewe, na wengi wanaofanya kazi humo ni wasusi ambao vifundo vya mikono viligoma kusuka, sasa wanapima, wanakata na kuchonga. Mtu akimpelekea wazo lake, swali lake la kwanza ni moja: nani ameshalitumia? Nami nina wajukuu sasa na mgongo wangu umenyooka, wakati rika langu wengi wanatembea wakitazama vidole vyao vya miguu.

Ninyi mwenzenu akitengeneza kitu mnamtumia moyo mwekundu kwenye simu, mnaandika tunajivunia, mnapita. Kitambaa changu cha kufuma ndicho hicho, kimebadilika rangi tu. Sikatazi sifa, watu wetu wamezikosa muda mrefu. Ila usiishie hapo. Akitengeneza dawa ya nywele, ipake. Akiandika mchezo wa kuigiza, nenda ukakae mpaka mwisho. Akibuni njia ya kusafisha maji, kunywa maji yake, na usiombe akupunguzie bei kwa sababu mnatoka kijiji kimoja. Kisha mwambie panapouma, wewe, ndani ya mlango uliofungwa, kabla hajasimama mbele ya wasiomjua. Atanuna. Kaa hapo hapo mpaka amalize kununa, usimwache peke yake na ubaya uliomwambia. Na kama wewe ndiye mbunifu, usiwatafute wanaokupigia makofi tu.

Mwanangu, Mungu akupe akili ya kubuni na mikono ya kutenda. Akupe mtu atakayekikalia ulichokiunda kwa uzito wake wote, akuambie ukweli, na kesho yake arudi kukaa tena. Na asipokupa mtu huyo, basi akufanye wewe uwe yeye kwa mwenzako. Amina.