Pembetatu za Mkaa

Harufu ya bati la mafuta likianza kupata moto naijua hata nikiwa usingizini. Kwanza huja utamu kidogo wa mafuta yaliyobaki kwenye mikunjo, kisha uchungu wa rangi inayoungua, halafu, ukikaa sana karibu yake, huja harufu ya gundi ya unga wa ngano, ile ambayo mende huipenda kuliko sisi tulioipika. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, pale Kakuma, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya fahari yetu. Jikoni kwetu kulikuwa kumepambwa, na majirani walikuja kutazama kama waendao kumwona mtoto mchanga. Aliyeleta wazo la kupamba ni mimi. Nasema mapema ili msomaji asinionee huruma kabla hajasikia yote.

Jiko la Mama lilikuwa la makuti ya mkoma, la duara, alilolijenga kwa mikono yake nyuma ya chumba chetu cha mabati, kwa kuwa kwetu Waturkana nyumba hujengwa na mwanamke. Ukiwa ndani ungeweza kuona miguu ya wapita njia, mikia ya mbuzi na vipande vya mbingu. Upepo ulipovuma kutoka kwenye laga, ule mto mkavu uliopita chini yetu, vumbi liliingia bila hodi na tukala ugali unaolia chini ya meno. Kila siku Mama alichemsha sufuria kubwa la githeri, mahindi na maharagwe, ya kuwauzia watu wa malori, na moto ule wa kuni za mathenge, ule mti wa miiba, uliwaka tangu alfajiri hadi alasiri. Baba alikuwa utingo, tulimwona lori lake lilipopita. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu aliyezaliwa siku ya upepo mkali na kwa hiyo akaitwa Ekuwam, yaani upepo. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, ana kifua kibovu. Kila vumbi lilipotimka alikohoa hadi macho yakamtoka machozi, na dawa ya maji ya zahanati ilimpa nafuu ya siku nne tu. Mama alisema ni vumbi. Mtu yeyote aliyemwona mtoto yule akikohoa siku ya upepo angesema vivyo hivyo.

Jumamosi nilikuwa nabeba mzigo wa kuni kuupeleka kambini, kwa wakimbizi, nikirudi na unga. Huko ndiko nilikompata Furaha, msichana Mkongomani wa rika langu, na kupitia kwake jiko la mama yake. Sijui nilieleze vipi jiko lile kwa mtu ambaye hajakulia kwenye rangi moja ya mchanga. Kuta zake za matofali ya udongo zilipakwa majivu yaliyochanganywa na udongo mweupe, zikawa nyeupe kama maziwa. Upande mmoja zilibandikwa kurasa za magazeti, maua na magari na mabibi harusi. Upande wa pili palikuwa na mabati ya mikebe ya mafuta ya msaada, yaliyokunjuliwa na kusuguliwa kwa mchanga hadi yakang'aa, na mlangoni zilining'inia kamba za vifuniko vya soda vilivyotobolewa kwa msumari. Na juu kabisa, chini ya paa, matofali yalikuwa yameachana kwa pembetatu, pembetatu, kuzunguka jiko zima, na mwanga uliopenya humo ulichora pembetatu nyingine sakafuni. Nilidhani ni urembo. Nilimuuliza Mama Furaha juu ya kila kitu mle ndani, hata jina la bibi harusi wa gazetini asiyemjua, lakini juu ya pembetatu zile sikuuliza neno.

Alinifundisha bila ubahili. Gundi ni unga wa ngano na maji ya moto, ukoroge ukiwa mwembamba. Majivu yachekechwe mara mbili. Mkebe ukatwe mshono kwa panga, upinduliwe, upigwe kwa jiwe bapa kutoka katikati kuelekea pembeni. Nilipokuwa na pupa alinishika kiganja.

"Mupole mupole, mwana yangu," alisema. "Hii bati iko na meno."

Nilirudi nyumbani na mikebe mitatu juu ya kichwa na mipango isiyo na idadi. Mama hakuwa mtu wa mapambo, lakini nilipomwambia kwamba mabati yataziba mianya yote na vumbi halitamfikia tena Ekuwam, aliacha kupepeta maharagwe akanisikiliza. Shuleni mwalimu alikuwa ametuandikisha methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilimtafsiria kwa Kiturkana. Aliipenda. Alisema walioitunga lazima walikuwa na mtoto mwenye kifua.

Kazi ilituchukua Jumamosi tatu na Jumapili zake. Nilibadilisha kuni kwa mikebe, kuni zilipokwisha nikabadilisha ukili wa mkoma, ukili ulipokwisha Mama akatoa kikapu alichokuwa amekisuka kwa miezi miwili. Tulipiga mabati, tukayashona kwenye fito kwa waya, moja likilalia jingine kama magamba ya samaki. Palipobaki ufa tulipaka udongo. Palipobaki tundu nilisokota kitambaa nikaliziba. Ekuwam alikaa katikati yetu akigonga sufuria kwa kijiko, amefurahi kwa makelele kuliko kwa uzuri. Nakumbuka Mama akicheka siku zile, kicheko cha msichana ambacho sikujua kama anacho. Mwishoni nikabandika kurasa za gazeti, nikaning'iniza vifuniko vya soda, na kwa mkaa nikaiandika ile methali juu ya bati lililokabili mlango. Nikatazama, nikaona bado kuna kitu kimepungua ili lifanane na la kina Furaha. Nikapanda juu ya mtungi uliopinduliwa, nikazichora pembetatu. Nilizichora kwa mkaa, chini ya paa, kuzunguka jiko lote, nyeusi tii, zimenyooka kama za daftari la hesabu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Majirani walikuja kwa makundi, wakajitazama kwenye mabati, wakarekebisha shanga zao. Jirani mmoja aliyekuwa na duka alisimama mlangoni akasema, "Hii jikoni iko mzuri kushinda hoteli," na maneno yale niliyatembeza shuleni juma zima. Nilikuwa na maringo, sikatai. Wiki hiyohiyo nyanya yangu, mama yake Mama, alishuka kutoka Kaikor kuja kumwona mjukuu. Aliingia jikoni, akasifu, akatoka akipangusa macho kwa ncha ya shuka lake, na hakuingia tena. Alikula nje, akalala nje, na mchana kutwa alikaa na Ekuwam kivulini mwa chumba, amemlaza mapajani. Mimi na Mama tulimcheka kichinichini kwamba hajazoea mambo ya mjini. Katika majuma mawili aliyokaa, kikohozi cha Ekuwam kilipungua, kikapungua, hadi asubuhi moja tukagundua kwamba hakuwa amekohoa hata mara moja tangu jana yake. Mama aliyapapasa mabati kwa kiganja kama mtu anayemshukuru mbuzi wa maziwa. Akaniambia nimemponya ndugu yangu. Sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile.

Nyanya akarudi Kaikor kwa mbuzi wake. Ekuwam akarudi jikoni, kwenye ngozi yake karibu na Mama, kwa sababu mtoto wa mwanamke anayepika kutwa hana mahali pengine pa kukaa. Moshi ulipanda, ukafika kwenye pembetatu zangu, ukageuka ukashuka. Tuliuona, tusingeweza kutouona. Mama alikuwa na macho mekundu na mimi nilifanya kazi za shule nje, lakini moshi ni jambo la jikoni, nani amewahi kuushtaki? Adui yetu alikuwa vumbi, na vumbi lilikuwa halipo. Kikohozi kiliporudi tuliona kuna ufa tumeusahau. Niliutafuta, nikaupata nyuma ya mtungi, mdogo wa kupitisha kidole, nikaukandika kwa udongo. Siku mbili baadaye mbavu za Ekuwam zilikuwa zinazama kila anapovuta pumzi, na mtu wa zahanati akasema apelekwe Lodwar upesi.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka hospitali, na daktari kijana mwenye sauti ya upole, asiyejua Kiturkana, kama Mama naye asivyojua Kiswahili zaidi ya kile cha kuuzia githeri. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Aliuliza mtoto ameanza lini, nikatafsiri. Akauliza tunapikia nini, nikasema kuni. Akauliza mtoto hukaa wapi mama anapopika, nikatafsiri, nikajibu. Kisha akauliza, bila ukali wowote, jikoni kwenu moshi hupitia wapi kutoka nje. Nikamgeukia Mama nikalisema swali lile kwa lugha yetu, na lilipokuwa likipita mdomoni mwangu ndipo nilipolielewa. Nikaziona zile pembetatu za kina Furaha, na mwanga sakafuni, na moshi mwembamba uliokuwa ukipita katikati ya mwanga kila Jumamosi mbele ya macho yangu.

Mama alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Laiti angenitazama kwa hasira.

"Mwambie hautoki," alisema.

Nikamwambia daktari kwamba hautoki. Aliandika. Walimwekea Ekuwam mpira wa hewa puani, na kwa siku mbili nilikaa nikihesabu kifua chake kikipanda na kushuka, nikiamini kwamba nikiacha kuhesabu kitaacha. Siku ya tatu asubuhi nilitumwa kuchota maji ya kunywa. Niliporudi Mama alikuwa ameshamfunika. Mtoto aliyepewa jina la upepo alikufa kwa kukosa hewa, na tuliomfungia hewa ni sisi tuliompenda. Nimejaribu miaka mingi kulisema jambo hili kwa namna nyingine, sijaipata.

Tuliporudi Kakuma, Mama hakukaa, hakunywa maji. Aliingia jikoni akaanza kuyang'oa mabati kwa mikono mitupu. Yalikuwa na meno, kama Mama Furaha alivyosema, na yakamkata vidole vyote, na hakuacha. Nilisimama nje nisijue kama naruhusiwa kusaidia. Nilikuwa nikingoja aniambie kwamba ni mimi. Nilikuwa nimeshaliandaa hata jibu, ingawa halikuwa jibu, ilikuwa ni kulia tu. Bati lenye methali ndilo lililotoka mwisho. Alilitupa juu ya mengine, akanishika bega kwa mkono unaovuja damu, na damu ile ikabaki kwenye sare yangu hata baada ya kufuliwa.

"Tuliziba mimi na wewe," alisema. "Usiibebe peke yako."

Ilikuwa huruma kubwa kuliko niliyostahili, na haikunisaidia. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Kwangu hakuchelewa, alikuja siku ileile akakaa, na sasa ni mtu mzima kama mimi. Mama Furaha alipopata habari alikuja kulia nasi, na walipokuwa wakiondoka nilimsikia akimwambia binti yake kwamba angeniambia, angeniambia tu, lakini nani humwambia mtu kwamba tundu ni tundu? Mwaka uliofuata walihamishiwa nchi ya mbali. Mama hadi leo hupika nje, kwenye mafiga matatu, upepo ukimrushia mchanga sufuriani. Chakula chake bado kinalia chini ya meno, na wajukuu wakilalamika huwaambia wateme.

Mimi sasa naishi Lodwar, kwenye nyumba ya mawe yenye jiko la gesi na dirisha pana linalotazama mashariki. Kuta zake nimeziacha tupu miaka yote. Wageni hudhani ni uvivu, nami huwaacha wadhani hivyo. Lakini binti yangu Nakiru ana miaka kumi, na simu imemfundisha kile nilichofundishwa na Mama Furaha: mapambo rahisi ya jikoni, ya karatasi, ya chupa, ya vifuniko vya soda. Majuzi alinijia na mkasi na gundi, akanionyesha alivyopanga. Maua ukuta huu, rafu ya maboksi ukuta ule, na pazia la vifuniko lizibe dirisha, kwa sababu vumbi, Mama, vumbi linaingia sana. Nilimwambia apambe kuta zote atakavyo, ila dirisha asiliguse. Akauliza kwa nini. Nilifungua kinywa ili nimwambie kwa sababu nimesema, kama nilivyomjibu mara nyingine nyingi. Badala yake nikakaa chini sakafuni nikamweleza kwamba alikuwa na mjomba.

Alinisikiliza hadi mwisho, mkasi mkononi. Hakuniuliza kama kosa lilikuwa langu. Aliuliza kama mjomba alikuwa ameanza kuongea, nikasema alijua maneno matatu, na moja lilikuwa jina langu. Akainuka, akalisukuma dirisha hadi lilipogota ukutani, akatoka nje akarudi na jiwe akaliegemeza ili lisijifunge. Upepo ukaingia na vumbi lake lote, likatua juu ya sahani nilizokuwa nimetoka kuosha. Tukaliacha.