Seremala Luhende na Wale Ishirini

Mkuyuni nzima ilimjua Luhende Shimba kwa mambo mawili: vitanda vya mninga visivyolia hata ulale vipi, na kukimbia bila kufukuzwa. La kwanza lilimletea wateja. La pili lilimletea maneno.

"Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa!" walisema akina mama wa sokoni. "Jogoo hajamaliza kuwika, yeye yuko barabarani na kaptula. Anamkimbia nani? Mkewe?"

Na mkewe Bernadeta yuko hapohapo, nyuma ya meza yake ya dagaa, anasikia kila neno. Afanye nini? Anapima dagaa, anacheka kidogo na wateja, na moyoni anaungua.

Luhende hakuanza wazimu huo jana, tuseme ukweli. Aliuanzia kwenye kiwanda cha nguo, enzi zile kila kiwanda cha umma kilipokuwa na timu ya mpira, timu ya netiboli na wakimbiaji wake. Siku za kazi alikuwa fundi mbao wa kiwanda. Jumamosi alivaa fulana ya kiwanda akakimbia mbio za nyika. Hakuwahi kushinda hata siku moja. Wa nane, wa kumi na mbili, hapohapo. Kisha likaja hilo soko huria. Wakubwa wakasema kiwanda kinaendeshwa kwa hasara, watu wapunguzwe, na jina la Luhende likawemo kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Timu ilikufa hata kabla ya kiwanda. Wakimbiaji wenzake wakatawanyika, huyu kwenye minofu ya sangara, yule kwenye mitumba, na Luhende akafungua karakana yake Mkuyuni.

Wenzake waliacha kukimbia. Yeye hakuacha. Alinunua raba za mtumba, soli imelika upande mmoja, akawa anatoka peke yake alfajiri: Butimba, majabali ya nyuma yake, njia za ng'ombe, ziwa mkono wa kulia akienda na mkono wa kushoto akirudi. Miaka mitatu hivyo. Jua likichomoza yeye ameshaoga na randa iko mkononi. Bernadeta hakuwahi kumwona anakimbia. Alichokiona yeye ni kitanda kilichopoa upande mmoja na jasho la kufua.

Mwaka 1996, mwezi wa tano, goti likavimba. Wiki mbili Luhende alilala chali, na kitanda cha bibi harusi mmoja hakikumalizika. Mwenye harusi akaja, akakuta mbao, akatukana, akaenda kwa fundi mwingine. Siku hiyo Bernadeta hakupika. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mumewe.

"Baba Sabina, nikuulize. Unakimbilia nini?"

Luhende akatazama dari. Angemjibu nini? Alijua kueleza mninga na mkongo, alijua kueleza bei ya gundi. Hilo hakulijua.

"Afya tu," akasema.

"Afya ndiyo hiyo imelala chali?"

Luhende akajigeuza upande wa ukuta.

Goti lilipopona alikwenda mjini kununua misumari dukani kwa mzee Akbarali, muuza vifaa vya ujenzi wa siku nyingi, akakuta tangazo limebandikwa mlangoni. Minaz, binti wa mzee, alikuwa amerudi kutoka masomoni na mawazo mapya, na duka lingefadhili mbio za vilimani. Kilomita thelathini, kuanzia uwanja wa mpira wa Butimba, kuzunguka nyuma ya vilima na kurudi. Ishirini wa kwanza wangesomwa majina mbele ya watu. Luhende alisoma mara tatu, akasahau misumari.

Bernadeta naye aliposikia akasema, "Kimbia. Ukiingia ishirini wa kwanza, sitasema neno tena mpaka Mungu anichukue. Usipoingia, basi. Viatu unagawa, na alfajiri unalala kama waume wa wenzangu."

"Ishirini ni wengi. Sema kumi!"

"Usijitape, baba. Na nitakuja kuhesabu mwenyewe. Makarani siwaamini."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Luhende akacheka, lakini usingizi uligoma. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na haya ya safari hii yalikuwa ya baridi.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa moja asubuhi. Watu sitini na wawili wakapanga mstari, wengi wao vijana ambao Luhende angeweza kuwazaa. Minaz alikuwa amejipanga, huwezi kumlaumu. Aliandika barua kwa serikali za vijiji. Alipaka chokaa kwenye mawe kuonyesha njia. Na kwenye kila njia panda aliweka mwanachuo mmoja mwenye filimbi, aipulize kwa nguvu wakimbiaji wakikaribia ili wasipotee.

Filimbi! Kwenye vilima vya Wasukuma! Wangemwuliza muuza maji yeyote pale stendi, angewaambia. Huko filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa vijiji, na ikilia maana yake ni moja tu: mwizi.

Luhende hakulifikiria hilo, akili yake ilikuwa kwenye kuhesabu. Vijana walitoka kama wamemwagiwa maji ya moto, yeye akatulia. Mwenda pole hajikwai. Kilomita ya tano alikuwa wa arobaini. Ya kumi, wa ishirini na nne. Kwenye mlima wa mawe, pale wengine walipoanza kupanda kwa mikono, yeye alipanda kwa njia ya mbuzi anayoijua kama ua wa nyumbani kwake, akawapita watu tisa kwa mpigo. Kileleni akajihesabu: wa kumi na tano. Ziwa lilikuwa chini yake lote, jeupe kwa jua. Mwili ulikuwa mwepesi. Alijisikia kuimba, na pumzi ingekuwepo angeimba.

Alipoanza kushuka akasikia filimbi mbele. Hiyo aliijua, ni ya wanachuo. Lakini papo hapo ikafuata sauti nyingine. Mwanamke mmoja alipiga yowe bondeni, akaitikiwa na mwingine ng'ambo, na mwingine, mpaka bonde zima likalia. Huo ndio mwano, na mwano hauna mchezo. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali mdomoni, unakwenda. Asiyeitikia huhesabiwa rafiki wa mwizi. Hupigwa faini, hutengwa, na siku akifiwa atajizikia mwenyewe.

Luhende akasimama. Ndiyo, alisimama, naye ni wa kumi na tano!

"Vipi mzee, pumzi imekata?" kijana mmoja akamwuliza akimpita. Wa kumi na sita huyo sasa ni wa kumi na tano.

Alitazama mawe yenye chokaa. Akatazama mashamba ya pamba ambako wanaume walikuwa wakikimbia na fimbo. Hakuna aliyemjua hapa. Angepita zake, nani angemdai? Alisikia uchungu, msifikiri hakusikia. Machozi kabisa yalimlenga. "Shenzi!" akasema, hata hakujua anamtukana nani. Kisha akaiacha njia, akaokota fimbo, akaingia kwenye pamba na kukimbia na wale wanaume.

"Wamechukua ng'ombe wangapi?" alimwuliza aliyekuwa kando yake.

"Sijui. Wanasema wezi ni wengi, na wamevaa kaptula!"

Walipofika kijijini, wezi walikuwa wameshatiwa ndani ya zizi. Luhende akapenya kwenye umati, fimbo juu, akachungulia. Ebo! Vijana kumi na wanne walikuwa wamekaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, mikono kichwani, wamevuliwa viatu, kila mmoja na namba kifuani. Yule aliyekuwa akiongoza mbio tangu asubuhi alikuwa anatetemeka na nusu ya sikio lake imejaa samadi.

Fimbo ikashuka yenyewe. Luhende akatazama kifua chake. Namba thelathini na nane.

Umati nao ukaiona. Kamanda wa sungusungu, mzee mrefu aliyeitwa Malimi, akamsogelea na mkuki.

"Na wewe ni mwenzao."

"Mwangaluka, baba," Luhende akamwamkia Kisukuma. "Ni mwenzao. Lakini si wezi. Ni mashindano. Barua ililetwa kwa mwenyekiti."

"Barua sijaiona. Nimesikia filimbi na kuona watu wanakimbia. Wiki iliyopita tumeibiwa madume sita."

"Sasa baba, nikuulize kwa heshima. Umeshaona wapi mwizi anaitikia mwano wa kukamatwa kwake mwenyewe? Mimi nilikuwa juu mlimani. Njia ilikuwa wazi. Nimekuja kwa miguu yangu, na fimbo nimeokota, kukusaidieni kunikamata!"

Mzee mmoja nyuma akaangua kicheko. Akafuata mwingine. Malimi hakucheka, ila mkuki aliuchomeka ardhini.

"Haya. Tuseme nimekuamini. Mnakimbia kutoka wapi?"

"Butimba."

"Kwenda wapi?"

"Butimba."

Hapo hata watoto walicheka. Malimi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mwanangu, unaonekana mtu wa maana. Mtu mzima unatoka Butimba kwenda Butimba. Unakimbilia nini?"

Labda ilikuwa ni hofu, labda ni zile kilomita. Safari hii jibu lilitoka.

"Baba, mimi ni seremala. Nikitengeneza kitanda, kinakwenda kwa mwenyewe. Kiwandani nilitengeneza miaka kumi na mitano, siku moja wakabandika karatasi getini, na kila kitu kikawa si changu. Lakini nikipanda mlima kwa mbio, nikifika kileleni, hakuna wa kunipunguza pale. Nimefika mimi. Basi ni hilo tu. Na nikishuka nakwenda nyumbani vizuri, sina hasira na mtu."

Malimi akajikuna ndevu. "Mimi nilikuwa mcheza ngoma," akasema mwishowe. Akageukia zizi. "Wapeni viatu vyao."

Nusu saa nzima ilikuwa imeteketea, na huko njiani walikuwa wakipita wakimbiaji wengine, maana kijiji kizima kiko zizini, nani awazuie? Vijana kumi na wanne wakaruka ukuta wa zizi na kuchomoka. Luhende akawafuata kwa miguu iliyoshapoa, kila msuli unagoma. Malimi akadandia baiskeli na mkuki wake. "Nakusindikiza," akasema, "wasije wakakukamata kijiji cha pili." Aliwapita watu, Luhende, mmoja mmoja, akiwahesabu kwa sauti huku mzee nyuma yake akipiga kengele. Thelathini na tano. Thelathini. Ishirini na saba. Kilomita ya mwisho alikuwa haoni vizuri, anaona tu mgongo wa mtu na baadaye mgongo mwingine.

Pale uwanjani Bernadeta alikuwa amesimama kwenye mstari wa kumalizia tangu saa tatu, vidole vimekunjwa. Alihesabu mpaka ishirini. Mumewe hayumo. Ushindi huo alioutaka mwenyewe, ajabu, haukuwa na ladha. Wa ishirini na moja akapita. Wa ishirini na mbili. Ndipo akamwona mumewe anaingia uwanjani.

Hakumtambua mara moja. Luhende aliyemjua yeye alikuwa mtu wa kuinama juu ya benchi, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Huyu alikuwa amenyooka, kifua mbele, uso umefunguka, na nyuma yake mzee mwenye mkuki juu ya baiskeli anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni mtu wangu!" Bernadeta akajikuta amepiga kigelegele, kirefu, mbele ya akina mama wote wa sokoni aliokuja nao. Hakujua kimetoka wapi.

Luhende akaanguka miguuni pake. "Wa ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Ahadi ni deni," akasema, akaanza kufungua kamba za viatu. Zikakataa.

Malimi ndiye aliyemsimulia Bernadeta, kwa kirefu, na vijana wa zizini wakadakia: mwano, fimbo, samadi, na yale maneno ya kufika kileleni. Minaz alisikiliza mkono mdomoni. Alijua sasa filimbi zake zimefanya nini, akaona haya kweli.

"Shikamoo, baba Luhende. Nisamehe," alisema. Kisha akachukua kalamu kwa karani. "Hawa wote wanasema ulikuwa wa kumi na tano ulipoiacha njia. Basi nakuandika wa kumi na tano. Ni haki yako."

Luhende akainua kichwa. Kumi na tano! Iko ndani ya ishirini. Alfajiri zote zimerudi, kwa mstari mmoja wa kalamu. Akamtazama mkewe.

Bernadeta alikuwa ameshaishika ile kalamu.

"Hapana, mama," alimwambia Minaz. "Nimehesabu mwenyewe. Andika ishirini na tatu. Mume wangu hapewi nafasi, mwakani atakuja kuichukua."