Ukigusa, Umecheza

Siku kaka yangu aliponiambia masanduku yote kumi na manne yanakwenda Lindi, nilikuwa kwenye cherehani nashona sare ya shule, na sindano ikanipitia kidoleni. Kidole wala sikukijali. Nilimwambia, "Hayaendi." Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu, maana kaka yangu hakuwa mtu wa upole. "Mdogo wangu," alisema, "ya nini kukaa na vitu nisivyoviona?"

Masanduku yenyewe ni ya michezo ya mezani. Si bao, si drafti wala keramu, ingawa hivyo vyote tunavicheza hapa Kilwa Masoko tangu tulipopata akili. Ni ile michezo mipya ya ng'ambo, yenye ubao wa kukunja, kadi, vipande vya mbao, na kijitabu cha sheria ambacho lazima mtu mmoja ajitolee kukisoma mpaka kichwa kimuume. Sanduku la kwanza kaka aliachiwa na mgeni wa hoteli moja aliyokwenda kurekebisha umeme, maana kazi yake ilikuwa ufundi umeme. Alikaa na kamusi wiki nzima, akatafsiri sheria zote kwenye daftari. Baada ya hapo akashikwa. Kila akipata kazi nzuri, baada ya mwezi basi la kutoka Dar linashusha mzigo wake, na mimi nauliza kama ni feni ya sebuleni, kumbe ni sanduku jingine.

Tukikutana Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza la duka langu la ushonaji. Wa kudumu tulikuwa watano: kaka, mimi, nesi wa wodi ya wazazi, mwalimu wa shule ya msingi aliyetokea Kilangala, na bwana mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki mkabala na mimi. Wengine walikuwa watazamaji, na watazamaji wetu hawajui kunyamaza. Ukifungwa, unalo! Utaambiwa ukalime ufuta Njinjo, utaulizwa kama kichwa umekiazima, na Jumatatu sokoni muuza nyanya atakupa pole. Bingwa wa kejeli hizo alikuwa kaka yangu mwenyewe. Aliwahi kumfunga mwalimu mara tatu mfululizo, akamwambia sasa anaelewa kwa nini watoto wake wa darasa la nne wanafeli.

Sheria moja aliileta yeye kutoka kwenye drafti, akaiandika kwa rangi nyekundu ukutani kwangu bila kuniomba ruhusa: UKIGUSA, UMECHEZA. Ukishika kipande, hicho hicho ndicho utakachokipeleka, hata kama kinakwenda kukuua. Hakumsamehe mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kugusa kipande kwa upindo wa kanga, akanihukumu.

Halafu ikaja presha ya macho. Aliichukulia mchezo, akasema ni vumbi la dari anazopanda kila siku. Alipokubali kwenda hospitali, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili linaaga. Daktari alimwambia ukweli, kwamba lililokwenda halirudi, na haukupita muda la pili nalo likafuata. Tunaishi pamoja nyumba aliyotuachia marehemu mama, kwa hiyo nilimwona anavyopungua. Aliacha kazi, ikaeleweka. Aliacha kutoka uani, nikavumilia. Lakini alipompigia jamaa wa Lindi, mwenye kikundi kama chetu, akamwambia aje mwisho wa mwezi achukue masanduku yote, nilijua kwamba yakitoka hayo, yeye hatatoka tena. Nikaapa. Nilikuwa na Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza niliwaita wale watatu, nikawapanga barazani na masanduku yote mbele yao. "Nataka mchezo ambao mtu asiyeona anaucheza sawa na nyie," nikawaambia. "Msinionee huruma. Nipeni mchezo."

Hebu fikiria wapenzi wa michezo wakiulizwa upi ni bora! Kila mmoja alikuja na mpenzi wake. Mwalimu akaanza na Treni, kwamba ndio mchezo wa kumpa mgeni yeyote, sheria zake unazieleza kabla chai haijapoa. Nikamwambia kadi zake zinatofautiana rangi tu. "Na upepo wetu huu," nesi akadakia, "mara ya mwisho kadi ya kijani tuliifuata mpaka msikitini." Muuza vipuri akatetea Kondoo, ule wa kubadilishana kondoo kwa matofali, kwa sababu ushindi wake uko mdomoni na mdomo fundi bado anao. Kweli mdomo anao, lakini ubao wake una vijumba na vijibarabara, ukipapasa tu umebomoa mji mzima. Mwalimu akashauri Magonjwa, maana wote mko upande mmoja mnapambana na maradhi, hivyo tutamsaidia. Nesi akamtolea macho. "Mimi nitoke wodini nije nipambane tena na maradhi? Na tena huyo fundi umsaidie? Atakutupia sanduku."

Ukaja Vigae, ukakataliwa kwa sababu ya rangi. Ikaja michezo mingine ambayo kadi zake zilikuwa zimejikunja kwa unyevu wa bahari, ingawa kila sanduku nimetia kijimfuko cha mchele. Mwishowe nesi akanyoosha mkono, akachukua mfuko mdogo uliokuwa chini kabisa. "Wadudu," akasema. "Nyie mnaudharau kwa sababu hauna ubao."

Wadudu ni wa watu wawili. Kila mmoja ana vigae kumi na kimoja, vizito, vya pembe sita, na juu ya kila kigae amechongwa mdudu: nyuki malkia, mende, buibui, panzi, siafu. Mnavipanga mezani vikigusana, na anayemzingira malkia wa mwenzake pande zote ndiye mshindi. Nilifumba macho, nikapitisha kidole juu ya kigae kimoja. Nikahesabu miguu. Wallahi nilitaka kupiga vigelegele pale pale.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi cherehani. Mchongo ulimwambia mtu ni mdudu gani, ila si wa nani, kwa sababu nusu ni vyeusi na nusu vyeupe. Nilibandika vifungo vya shati juu ya vyeusi, kumbe mende hupanda juu ya wenzake, akawa anateleza na kuanguka. Nikang'oa vyote. Nikazungusha uzi wa kufumia kiunoni mwa kila cheusi, nikagandisha kwa gundi, vikakaa. Tatizo jingine, vigae viliteleza mezani vikipapaswa. Nilikata gunia la ufuta, nikalivuta juu ya ubao wa plaiwudi na kulipiga misumari ya viatu. Gunia likavishika vigae barabara.

Nilimpelekea uani Jumatano. Alivishika kimoja kimoja, akatabasamu kwenye panzi. Kisha akavirudisha. "Mimi lazima niguse ndipo nione," akasema. "Na sheria unaijua."

"Basi mkono wa kushoto uone, wa kulia ucheze. Wa kushoto ukigusa, si kitu. Wa kulia ukigusa, umecheza."

Alifikiri kidogo, akasema ana mikono ya kutosha. Tulicheza siku ile na kesho yake. Vile vidole vilikuwa vimezoea kutafuta nyaya kwenye dari zenye giza, havikuhitaji mafunzo yangu. Alinifunga, nikafurahi hadi nikaunguza wali.

Hapo ndipo nilipoharibu, na nasema mwenyewe kabla hajasema mtu mwingine. Ijumaa nilizunguka kwa wale watatu, nikawaambia, "Kesho anatoka. Mcheze naye taratibu. Na hao watazamaji wasimkoroge." Nilijiona nina busara kweli.

Jumamosi ya pili kaka alitoka na kanzu iliyopigwa pasi. Nesi, akipita kwenda zamu, akamwamkia, "Shikamoo, fundi," akajibu "marahaba" kwa sauti ya zamani. Akamfunga mwalimu. Akamfunga muuza vipuri. Kila akishinda, watu walisema hongera, hongera sana, na mwingine akampigia makofi laini. Mimi nilikuwa ndani nageuza uso ukutani nifute machozi ya furaha, mjinga mimi.

Tulipofika nyumbani akakaa kitandani, akavua kofia. "Mwambie jamaa wa Lindi aje hata kesho."

"Kaka, umeshinda mara mbili!"

"Nimeshinda? Mwalimu kafungwa na kipofu, na hakuna hata mmoja aliyemcheka. Wewe lini uliona hilo kwenye baraza letu? Na mimi nimeshinda, sikuulizwa nimetumia dawa gani. Wananiambia hongera kama mtoto aliyejifunga viatu. Nani kawaambia wanifanyie hivyo?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Mimi." Hakufoka, aliniomba tu nimzimie taa, ambayo haikuwa na faida wala hasara kwake, na mimi nikaizima. Sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira na mwalimu, na hasira na dunia, lakini hasira kubwa ilikuwa na mimi.

Asubuhi nilivaa baibui nikaanza upya mzunguko wangu, safari hii nikiwaka. Muuza vipuri nilimkuta anapima cheni, nikamwambia akimwachia kaka yangu tena hata kigae kimoja, asilete suruali yake kwangu kupunguzwa. Mwalimu akajitetea kwamba aliona si ubinadamu. "Ubinadamu gani wa kumfanya mtu mzima sanamu?" nikamjibu. "Mfungeni! Akifungwa mchekeni!" Nesi alinisikiliza akikunja shuka za wodi. Akasema jambo moja tu, kwamba yeye siku ile alikuwa zamu, hakucheza, na kwamba hata angecheza, ombi langu asingelikubali.

Kumrudisha kaka barazani ilikuwa shughuli. Nilimwambia aje mara moja ya mwisho, ayaage masanduku yake, Jumatatu jamaa anafika. Alikubali ili nimwache apumzike. Safari hii kanzu haikuona pasi.

Nesi alikuwa ameshakaa. Akamwamkia, akapanga vigae vyake, na akaanza kucheza kama mtu anayekimbizwa. Mende wake akapanda juu ya mende wa kaka. Siafu wake akazunguka upande wa pili. Watazamaji wakawa wanatazamana, hawajui washike lipi. Kaka mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea juu ya gunia harakaharaka, na niliona anakunja paji la uso, ule mkunjo wa zamani wa mtu anayetafuta waya uliokatika. Akapeleka siafu wake akamgandisha siafu wa nesi kwa nyuma, maana kwenye Wadudu huruhusiwi kuondoka ukikata kundi vipande viwili. Siafu wa nesi akawa mfungwa. Malkia wa kaka alikuwa amebakiza tundu moja tu wazi, lakini hakukuwa na mdudu wa kuliziba. Zamu mbili tatu zaidi na kaka angeshinda, na safari hii kwa halali.

Sijui alikuwa anawaza nini. Labda mkono wa kushoto ulichoka. Alinyoosha mkono wa kulia, akauweka juu ya yule yule siafu mlinzi, kuhakikisha tu kwamba yupo.

Kila mtu aliona. Mwalimu alinitazama mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kusema haihesabiki.

"Umegusa," nesi akasema. "Umecheza."

Kaka aliganda na mkono pale pale. Nikajua ama nimempata ama nimempoteza. Muuza vipuri alifungua mdomo kumtetea.

"Nyamaza wewe," kaka akamwambia. "Sheria nimeiandika mimi." Akamwinua siafu, akamzungusha hadi upande wa pili, akamkalisha. Nesi hakusita hata kidogo. Siafu wake aliyefunguliwa akapita ukingoni na kuziba tundu la mwisho. Akagonga kigae kwa kucha, kaka asikie vizuri.

"Malkia wako amezikwa, fundi. Kamchimbie kaburi kule Sudi, Lindi, huku hatuna nafasi!"

Basi baraza likalipuka. Mwalimu, mwenye deni lake la darasa la nne, alipiga meza akiuliza kama ule ni mkono au ni mwiko. Muuza vipuri akasema anauza breki, amwekee mkono wa kulia. Mtazamaji mmoja alitaka sheria ya ukutani isomwe kwa sauti, ikasomwa, na watu wakaitikia kama dua. Na kaka yangu alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Nilipomsogelea nikaona anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu, na huku mkono wake wa kushoto umeshaanza kukusanya vigae.

Tulirudi nyumbani ameshika bega langu. Njia nzima alimtukana nesi, hatua moja baada ya nyingine, akieleza mende yule angemzuia vipi. Mlangoni akasimama.

"Lete simu. Nipigie yule wa Lindi."

Nikapiga, nikamwekea sikioni. Hakumsalimia hata vizuri. "Sikiliza, bwana," alisema, "Jumatatu usije. Nimefungwa vibaya na mwanamke mmoja hapa, na masanduku bado nayahitaji."